Usinijibu Ukiwa Unatembea

Siku mama yangu alipoanguka, mimi ndiye niliyekuwa nimemwita. Alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha maji mkononi, akielekea chumbani kwake kupitia ujia ambao ameupita kwa zaidi ya miaka thelathini, nami nikiwa upande wa pili wa nyumba nikapaza sauti kumwuliza alikoziweka funguo. Nilimsikia akianza kunijibu, "Ziko juu ya…", kisha nikasikia kikombe kikigonga sakafu, na mara kikafuata kishindo kizito zaidi ambacho hadi leo nikikikumbuka moyo hunishtuka. Hakuvunjika mfupa. Alichubuka kiwiko, paja likamvimba, na kwa majuma kadhaa akawa hatembei bila kuegemea ukuta. Niliukagua ujia ule mara tatu nikitafuta cha kulaumu: sakafu ilikuwa kavu kabla ya maji ya kikombe kumwagika, taa ilikuwa inawaka, hapakuwa na zulia lililojikunja wala waya uliolala njiani. Mwishowe ilinibidi nikubali kwamba kitu pekee kilichokuwa kigeni katika safari ile fupi kilikuwa ni swali langu.

Nikaweka amri. "Mama, kuanzia leo usinijibu ukiwa unatembea. Simama kwanza, au nyamaza mpaka ufike." Mama hakubisha, alisema tu kwamba hilo wazee walikwisha kulisema zamani, mshika mawili moja humponyoka. Kwa takribani miezi miwili tukaishi kwa amri hiyo, nami nikajiona mtoto mwenye busara. Sikutambua upesi kwamba mama alikuwa amepata njia rahisi kuliko zote ya kuitii, nayo ni kutotembea. Kama kutembea na kuzungumza haviendi pamoja, na yeye ni mtu apendaye mazungumzo, basi ni heri aketi. Alipoanza kuniomba nimletee vitu ambavyo zamani angevifuata mwenyewe, nilidhani ni uchovu wa uzee, kumbe ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Aliyetufungua macho ni mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana mpole ambaye mama alimwita "mwanangu" tangu dakika ya kwanza. Alimketisha mama kwenye kiti cha kawaida, akaweka alama sakafuni umbali wa mita tatu, akamwambia ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kila siku hadi kwenye alama, ageuke, arudi na kuketi. Hicho ni kipimo maarufu, kilichochapishwa mwaka 1991, na katika miongozo ya Marekani mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa yumo katika hatari ya kuanguka. Mama alitumia sekunde 11, akanitazama kwa ushindi. "Vizuri sana, mama," yule kijana akasema. "Sasa rudia, lakini safari hii uwe unahesabu kwa sauti ukirudi nyuma kutoka 80, ukiondoa tatu kila mara." Mama akainuka. "Themanini. Sabini na saba." Hatua zake zikafupika, nyayo zikaanza kuburura kana kwamba sakafu imekuwa na gundi. Alipofika kwenye alama akasimama kabisa, mguu mmoja mbele, macho yakitazama dari, akatafuta namba. "Sabini na nne." Ndipo akageuka, kwa hatua sita ndogondogo badala ya tatu. Saa ilisoma sekunde 17.

Mimi nilikuwa na swali moja tu, kwamba inakuwaje mtu ashindwe kufanya kwa pamoja mambo mawili ambayo kila moja analimudu peke yake. Maelezo niliyopewa siku ile, na ambayo baadaye niliyafuatilia kwa kusoma, yamenibadilishia kabisa maana ya neno kutembea. Kijana hutembea karibu bila kufikiri. Macho, sikio la ndani, na hisia zinazotoka kwenye nyayo, vifundo na misuli hupeleka habari nyingi na kwa wakati, na sehemu za ubongo na uti wa mgongo zinazoshughulika na mwendo huzipanga hatua bila kumsumbua mwenye mwili. Umri unaposonga, habari hizo hufifia. Nyayo hazisikii vizuri tofauti ya sakafu, macho huchelewa kuzoea giza, sikio la ndani hupoteza sehemu ya chembe zake za hisi, na misuli huchelewa kuitikia. Mwili hauachi kutembea kwa sababu hiyo, bali pengo lile huzibwa na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huanza kuisimamia kila hatua kwa makusudi. Shida ni kwamba sehemu hiyohiyo ndiyo inayohesabu, inayokumbuka funguo zilikowekwa na inayotafuta neno la kumjibu mtoto anayepaza sauti kutoka chumba kingine. Ni kama karani mmoja anayehudumia madirisha mawili: foleni zikiwa fupi hakuna anayegundua kwamba yuko peke yake.

Jambo hili lilipata umaarufu miongoni mwa wataalamu mwaka 1997, pale Lillemor Lundin-Olsson na wenzake nchini Uswidi walipochapisha katika jarida la Lancet uchunguzi mdogo na wa werevu wa ajabu. Waliwachukua wazee 58 waliokuwa wakiishi katika makazi ya uangalizi, wakatembea nao, na katikati ya njia wakaanzisha mazungumzo. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Ni kipimo kisichohitaji mashine wala saa, na ndiyo maana bado kinatajwa hadi leo.

Hata hivyo nadhani wengi wetu tunaosikia habari hiyo tunaielewa vibaya, kama nilivyoielewa mimi mwanzoni. Kusimama ili ujibu ni dalili kwamba ubongo umebanwa, lakini kwa dakika ile yenyewe kusimama ni uamuzi wa busara, kwa maana mzee ameuacha mwendo ili asije akauharibu. Mama siku ile hakusimama. Alishika yote: kikombe, mwendo, funguo na adabu ya kumjibu mwanawe. Wataalamu wanasema mtu mwenye afya hutanguliza usalama wa mwili na kuacha jibu lichelewe, na kwamba hatari kubwa iko kwa yule anayetanguliza jibu na kuiacha miguu ijitegemee. Kwa hiyo amri yangu ilikuwa inamnyima mama nafasi ya kujifunza kile hasa alichokihitaji, yaani kuchagua.

Kabla ya mazoezi yoyote, daktari alizipitia dawa zake zote na kumwondolea moja ya usingizi, akampima shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, na akatuelekeza kwa mtaalamu wa macho. Nayataja haya kwa haraka kwa sababu si mada yangu leo, lakini asiyeyafanya kwanza huenda akahangaika na mazoezi wakati kinachomyumbisha mzee wake ni kidonge cha usiku.

Majuma manne ya kwanza hatukuchanganya chochote. Mama alifanya kazi ya mwili tu: kuinuka kitini na kuketi bila kujisaidia kwa mikono, kusimama nyayo zikiwa zimebanana, kisha kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine kama mtu aliye juu ya kamba, kisha kwa mguu mmoja, kila mara akiwa mbele ya meza nzito ambayo angeishika kama angetetereka. Kuna sababu ya kutoruka hatua hii. Mapitio makubwa ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko ya wazee wanaoishi majumbani kwa asilimia 23 hivi, na mazoezi yanayobeba sehemu kubwa ya faida hiyo ni yale ya kujiweka sawa na ya harakati za kila siku kama kuinuka na kupanda. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka wazee wafanye mazoezi ya namna hiyo, pamoja na ya kujenga nguvu, angalau siku tatu kwa juma. Miguu dhaifu haisaidiwi na akili iliyonolewa.

Juma la tano ndipo tukaongeza maneno, na hapo ndipo tulipocheka sana. Yule kijana alikuwa na orodha ya mazoezi, mojawapo likiwa ni kutembea huku ukitaja maneno yanayoanza na herufi fulani, naye akachagua M. Mama akaondoka kwa madaha: mtu, mti, mto, mkono, mguu, mlango, mkeka, mwezi, mwanangu… Angeweza kufika jioni bila kutoa jasho, maana katika Kiswahili nusu ya dunia inaanza na M. Tukambadilishia herufi, tukampa J, na mara moja mwendo ukabadilika. Alipotaja jino, jicho na jiwe, akakwama, na mguu nao ukakwama. Zoezi la kutaja siku za juma kinyumenyume lilitufundisha jambo jingine. Kwa lugha yetu, kutoka Jumatano kurudi hadi Jumamosi ni kuhesabu tu kutoka tano hadi moja, kwa hiyo mama alikuwa anateleza bila taabu, tano, nne, tatu, pili, mosi, halafu ghafla anapaswa kuzikumbuka Ijumaa na Alhamisi ambazo hazimo katika hesabu. Nilizoea kuitazama hatua yake ya Ijumaa. Ilikuwa fupi kuliko nyingine zote, na mkono uliokuwa ukining'inia kwa utulivu ulikuwa unajivuta kuelekea ukutani hata kabla hajajua kwamba amekwama. Ningependekeza kwa yeyote atakayejaribu haya apime kwanza ugumu wa kazi katika lugha anayoisema mzee wake, kwa sababu kazi iliyokuwa ngumu kwa Kiingereza yaweza kuwa mchezo kwetu, na kinyume chake.

Kuna jambo la kitaalamu katika namna ya kuchanganya ambalo sikulitarajia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walilinganisha namna tatu za kuwafundisha wazee wenye mwili usio thabiti, kwa vipindi vya dakika 45, mara tatu kwa juma, kwa majuma manne. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya mwili peke yake. La pili lilichanganya mwili na kazi ya akili, likiambiwa lizingatie vyote wakati wote. La tatu pia lilichanganya, lakini likiamriwa kuhamisha umakini, mara kwenye mwili, mara kwenye kazi ya akili. Walikuwa watu wachache, kwa hiyo sitadai kwamba suala limefungwa, lakini makundi yote yaliimarika katika kutembea kwa kawaida, na waliochanganya ndio walioimarika katika kutembea huku wakifikiri, na faida ya kundi la tatu ilikuwa bado inaonekana majuma 12 baada ya mafunzo. Jambo hili liliniingia akilini mara moja, kwa sababu linakwenda moja kwa moja kwenye ule ugonjwa wa kung'ang'ania yote. Kinachofunzwa ni ule uwezo wa kuhamisha mawazo kwa wakati unaofaa.

Nyumbani tulilifanya kwa urahisi kabisa. Mama anatembea akihesabu kinyumenyume, nami nyuma yake kidogo, upande wa mguu wake dhaifu. Nikisema "miguu," anatakiwa aziache namba zichelewe, asimame wima, akanyage kwa kisigino, anyanyue vidole. Nikisema "maneno," anaziwahi namba na kuiachia miguu iende. Mwanzoni nilipotamka "miguu" alikuwa ananyamaza kabisa, kana kwamba namba zimefutwa. Nilipotamka "maneno" alikuwa anasimama. Ilichukua karibu majuma matatu kabla sijaona kile nilichokuwa nakitafuta, yaani sauti ikipungua kasi bila kukatika, na mguu ukiendelea.

Nilikosea pia, tena vibaya. Siku moja aliyoifanya vizuri sana, nilipata tamaa, nikampa kikombe kilichojaa maji juu ya kuhesabu. Alipofika kwenye kona ya ujia, karibu na pale pale alipoangukia, aliyumba, bega likagonga ukuta, na kama nisingekuwa nyuma yake nisingekuwa naandika haya kwa utulivu huu. Tangu hapo naongeza kitu kimoja tu kwa wakati, na ninapoongeza kazi mpya naipunguza ile ya zamani. Hatujaribu kazi mpya kwenye ngazi, hatujaribu akiwa na soksi tupu, hatujaribu siku aliyolala vibaya, na akisema kichwa kinazunguka tunaacha hapo hapo. Mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, mwenye kupoteza kumbukumbu au aliyepata kiharusi asifanyiwe majaribio haya na mtoto wake aliyesoma makala mtandaoni. Huyo anahitaji mtaalamu karibu yake.

Njia nyingine ya kufika palepale ni muziki, nayo ina ushahidi mzuri. Huko Geneva, kwa kutumia mbinu iliyobuniwa na mwanamuziki Émile Jaques-Dalcroze aliyefariki mwaka 1950, watafiti waliwafundisha wazee wenye umri wa zaidi ya miaka 65 kutembea kwa kufuata kinanda ambacho mpigaji wake alikuwa akibadilisha mwendo wakati wowote, na pengine wakishika vitu mikononi. Ilikuwa saa moja tu kwa juma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyohusu watu 134, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita hatua zao zilikuwa thabiti zaidi wanapofanya kazi nyingine huku wakitembea, na maanguko yalipungua. Sisi hatuna mpiga kinanda. Nilijaribu kupiga makofi nikibadilisha kasi, na mama akastahimili kwa siku mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba yeye si mtoto wa chekechea. Nikaacha. Zoezi linalomdhalilisha mzee halitadumu hata kama limethibitishwa na maprofesa wa dunia nzima.

Kilichodumu ni yale yanayofanana na maisha yake. Nimeona, na wataalamu wanakubaliana na hili, kwamba mtu huimarika zaidi katika kile hasa anachokizoea, na kwamba ustadi wa kuhesabu kinyumenyume hauhamii wote kwenye kubeba sinia. Kwa hiyo taratibu tuliziacha namba tukaingia kwenye kazi zenyewe: kutembea akitafuta funguo ndani ya mkoba, kufungua mlango huku akinisimulia jambo, kubeba kikombe kilichojaa nusu, kisha robo tatu, kuzungumza na dada yake kwenye simu huku akizunguka sebuleni. Tunaangalia mambo mawili, hatua na jibu, na tunajiuliza gharama imelipwa upande gani. Akifika salama lakini jibu limechelewa, sawa. Akijibu sawasawa lakini hatua zimekuwa za kuburura, tunarudi nyuma kidogo.

Baada ya miezi minne tulirudi kwa yule kijana. Kutembea peke yake kulikuwa sekunde 10, jambo ambalo halikunishangaza. Kutembea huku akihesabu kulikuwa sekunde 13. Bado anapungua kasi, na nilipojaribu mwenyewe, kwa ajili ya haki, nami nilipungua kasi, ingawa nina umri wa kuwa mwanawe. Amri ya kutojibu tumeifuta. Iliyobaki ni amri juu yangu, kwamba simwiti mama kutoka chumba kingine. Nikiwa na neno naye, nainuka namfuata alipo.

Juzi tulikuwa tunapanda ngazi za nje, yeye mbele ameshika ukingo kwa mkono wa kulia na mkoba uko kushoto, nami nyuma yake. Bila kufikiri nikamwuliza kama amekumbuka kuzichukua funguo. Hakunijibu. Akapanda ngazi ya tatu, ya nne, ya tano, akikanyaga kwa unyayo mzima, nami nikadhani hakunisikia, nikawa nataka kurudia. Alipofika juu alisogea hatua mbili mbali na ukingo, akauweka mkoba chini, akageuka kunitazama.

"Ziko mfukoni mwako," akasema.